Bango Limeandikwa Kihindi, Mpishi Katoka Sylhet

(Maneno niliyoyasema ukumbini East Ham, London, mbele ya Waswahili wenzangu wa shughuli za chakula. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikipunguza vicheko.)

Assalaam alaykum. Na kwa wenzetu wa salamu nyingine, habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu mlioamka alfajiri kukaanga sambusa ambazo tumezimaliza kabla mkutano haujafunguliwa, Mungu awalipe, maana sisi hatuwezi.

Nimeombwa nizungumze juu ya chakula na majina yake. Najua ombi hili limetoka wapi. Kuna vijana wetu watatu wamekaa pale nyuma. Wamepata chumba cha mgahawa, kodi ya mwanzo wameshalipa, na huu mwezi wa pili wanagombana juu ya bango. Mmoja anataka liandikwe Uswahilini. Mmoja anataka Zanzibar, ingawa yeye mwenyewe ni mtu wa Tanga. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye pesa, anasema andikeni "chakula cha Kihindi": biriani si wanaijua, pilau si wanaijua, sambusa si wanazijua, wateja wataingia wenyewe. Watu wamemcheka sana. Mimi sikumcheka, kwa sababu nimemenya vitunguu miaka tisa nyuma ya bango hilohilo.

Nilipofika mji huu kutoka Mombasa, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa hiyo. Vitunguu vyenyewe si vile vya pilau ya arusi, ni magunia. Mgahawa ulijiita wa Kihindi, na ukutani kulikuwa na picha ya Taj Mahal kubwa kuliko mlango. Mwenye mgahawa, mpishi mkuu, wahudumu, mpaka yule mzee wa kuosha masufuria, wote walikuwa watu wa Sylhet, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh. Nilimuuliza mpishi mkuu kama amewahi kuiona hiyo Taj Mahal. Akaniambia, "Makka nimekwenda mara mbili. Agra nikafuate nini?"

Wenzangu wote walimwita Chacha, yaani baba mdogo. Mimi ilinishinda. Mswahili gani ataingia jikoni, mbele ya sufuria la mchuzi, aanze kuita "chacha, chacha"? Si atafukuza wateja! Bahati nzuri lafudhi ya Sylhet hulainisha hiyo ch, neno likatoka "sasa". Hapo tukaelewana. Kila asubuhi naingia nasema, "Sasa!" Yeye anadhani namwamkia kwa heshima, mimi moyoni najijibu, "Poa."

Ngoja niwaeleze mambo ya jikoni, maana wengi wenu mmekula chakula hicho lakini hamjakiona kikipikwa. Vile vitunguu vinachemshwa na tangawizi, saumu, nyanya kidogo, manjano na mafuta, mpaka vinalainika kama uji, kisha vinasagwa. Lile rojo linakaa kwenye sufuria la kuweza kumwogesha mtoto. Hiyo ndiyo mama wa kila kitu. Karatasi ya oda ikiingia, mpishi wangu Sasa anatia mafuta kwenye kikaango, bizari kijiko, upawa wa rojo, vipande vya kuku vilivyokwishaivishwa, na dakika chache baadaye sahani inatoka. Akitia malai na nazi, ni korma. Akizidisha pilipili, ni Madras. Akizidisha tena, vindaloo. Mteja akija amelewa na wenzake wanamtazama, anaagiza phaal, na hiyo mimi siiiti chakula, hiyo ni adhabu.

Haya, yatazameni hayo majina. Mji wa Madras siku hizi unaitwa Chennai, na huko ukiagiza "Madras" watakutazama tu. Vindaloo ni ya Goa, na jina lake ni Kireno, vinha d'alhos, nyama iliyolazwa kwenye mvinyo au siki na saumu. Hiyo vinho ndiyo iliyotupa sisi neno mvinyo, kwa Wareno haohao. Kwa kuwa aloo kwa Kihindi ni viazi, wapishi wengi huku wakatia viazi. Pilipili yenyewe ilitoka mabara ya Amerika, ikafika Bara Hindi kwenye majahazi ya Wareno. Basi pale mbele yako pana jina la Kireno, viungo vya mabara matatu, mkono wa mtu wa Sylhet, na juu ya mlango neno moja tu.

Saa kumi jioni, kabla hatujafungua, tulikula sisi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Sasa alitoa wali mweupe na bakuli la shutki, samaki mkavu aliyepikwa kwa pilipili na mboga, harufu yake ni ng'onda mtupu, ile ya sokoni kwetu ambayo mgeni huziba pua nawe mate yanakutoka. Siku nyingine ilikuwa nyama ya ng'ombe na satkora, tunda la jamii ya ndimu, ganda nene, uchungu wake unabaki ulimini mpaka usiku. Nilikula nikanyamaza. Nikamuuliza, "Sasa, mbona hiki hakimo kwenye menyu?" Akasema, "Hiki ni chakula."

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi.

Watu hupenda kusema kwamba hawa Wabangladeshi walidanganya, wakajipa jina lisilo lao. Hebu tufuate tarehe. Wazee wa kwanza wa Sylhet walifika hapa wakiwa mabaharia wa meli za Waingereza. Wengi walikuwa chini kabisa, kwenye matanuri, wakitupia makaa ya mawe. Wengine wakifika bandarini London wanateremka hawarudi melini. Wakafanya kazi za jikoni, na baada ya Vita vya Pili wakaanza kununua vijimkahawa vya samaki na chipsi, wakaendelea kuuza samaki na chipsi, na pembeni wali na mchuzi. Mtu aliyezaliwa Sylhet mwaka 1930 alizaliwa katika jimbo la Assam, India ya Waingereza. Julai 1947, India ikikaribia kukatwa ili ipatikane Pakistan, ikapigwa kura, na sehemu kubwa ya Sylhet ikaingia Pakistan, upande wa mashariki. Mwaka 1971, baada ya vita na damu nyingi, ikawa Bangladesh. Mtu huyo kapitia nchi tatu na nyumba yao haijahama hata hatua moja. Bango lake alilitundika wakati gani? Wengine walitundika kabla nchi yao haijazaliwa.

Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1810 mtu mmoja wa Patna, Sake Dean Mahomed, alifungua nyumba ya chakula hapahapa London, mtaa wa George Street, akaiita Hindoostane Coffee House. Pilipili, wali, na buruma la kuvutia tumbaku. Aliwalenga Waingereza waliorudi kutoka Bara Hindi wakiwa na fedha na hamu ya vyakula vya huko. Mwaka 1812 alifilisika. Wale aliowaandikia bango walikuwa na wapishi wao nyumbani! Baadaye akahamia Brighton, akapata sifa kwa kukanda watu kwenye mabafu, lakini hiyo ni hotuba nyingine.

Kwa hiyo mimi ninavyoona, bango anaandikiwa anayepita barabarani. Mpishi hahusiki. Wenzetu walioko Maskati na Dubai watanisaidia hapa. Kule anayekula kwenye vile vihoteli vya vichochoroni ni fundi, dereva, mjenzi, mtu wa hukohuko Bara Hindi. Ndiyo maana bango linasema Malabari, linasema Peshawari, linasema Karachi. Huwezi kumdanganya mtu wa Kerala kwa kumwandikia "Kihindi", atakuuliza Kihindi cha wapi? Njoo hapa nje ya ukumbi huu, East Ham. Watamil wa Sri Lanka wamejaa, na vibao vyao vinasema Sri Lanka, vinasema Jaffna, kothu roti inakatwakatwa kwenye bati mpaka unaisikia kituo cha basi. Kwa nini? Kwa sababu wanaokula ni wao. Panda treni uende mji mdogo wa Waingereza watupu, utakuta jina moja tu, na ndani yake Mbangladeshi, Mpakistani, Mnepali, kila mmoja kavaa shati lilelile.

Kule Chicago wamefanya jambo la kuchekesha. Kuna barabara inaitwa Devon Avenue, ya maduka na migahawa ya watu wa Bara Hindi. Mji umeipa majina ya heshima vipande vipande: kipande cha Gandhi, kipande cha Jinnah, kipande cha Sheikh Mujib. Barabara moja, unatoka India unaingia Pakistan unaingia Bangladesh, bila viza, na harufu ya vitunguu haijabadilika.

Mwajiri wangu alijaribu kusema kweli mara moja. Nilikuwapo. Mwanawe alikuwa chuoni, akaja na fikra mpya, akamshawishi baba yake abandike dirishani neno Bangladeshi kwa rangi ya dhahabu. Wiki ya kwanza wateja wa zamani waliingia kwa wasiwasi: mmeuza mgahawa? Tikka masala bado ipo? Wengine walisimama nje wakasoma, wakaenda zao. Haukuisha mwezi, usiku mmoja baada ya kufunga nilimkuta mzee peke yake na wembe, anabandua herufi moja moja. Hakuniambia kitu. Nikachukua wembe mwingine, nikaanza upande wa pili.

Ndiyo maana kijana wetu mwenye pesa sikumcheka.

Ila kuna na wanaolilia chakula upande wa pili, wanaotaka kila sahani iwe na pasipoti. Hao ndio wananichosha zaidi. Kuku wa siagi, kwa mfano. Mwaka 2024 ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi kesi baina ya migahawa miwili, Moti Mahal na Daryaganj, kila mmoja akisema mzee wetu ndiye aliyembuni. Wazee wenyewe, Kundan Lal Gujral na Kundan Lal Jaggi, walikuwa wakimbizi kutoka Peshawar, waliofika Delhi baada ya nchi kukatwa mwaka 1947. Peshawar leo iko Pakistan. Basi huyo kuku ni wa wapi? Tandoor, lile tanuri alilopikiwa, lilivuka mpaka na wao.

Tikka masala nayo mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliitangaza kuwa chakula halisi cha taifa cha Waingereza. Mjini Glasgow wanasema ilibuniwa kwao, kwa mkono wa Mpakistani, Ali Ahmed Aslam wa Shish Mahal. Birmingham wanajivunia balti, kazi ya Wapakistani, wengi wao wa Kashmir, tangu miaka ya 1970. Balti maana yake ndoo. Ukimwambia mtu wa Lahore umekula ndoo atakupa pole.

Na ndani ya India yenyewe, ile tamutamu nyeupe inayoogelea kwenye shira, rasgulla, Bengal Magharibi walijipatia cheti cha kuwa ni ya kwao mwaka 2017, Odisha nao wakapata cha kwao mwaka 2019. Nchi ni moja!

Kwenye mchele mambo si ya mzaha tena, pana fedha. India mwaka 2018 iliomba Umoja wa Ulaya uitambue basmati kuwa alama yake ya kijiografia, yaani jina la mahali ambalo wengine hawaruhusiwi kuuzia mchele wao. Pakistan ikapinga, na mwaka 2020 ikatunga sheria yake ya alama hizo ili iweze kudai. Lakini Punjab ilipasuliwa katikati mwaka 1947, na mpunga huo unastawi tambarare za chini ya Himalaya, huku na huku. Mombasa tukiagiza "mchele wa Pakistani" tunajua tunachokitaka, na wala hatukuwahi kuuliza maji yaliyoumwagilia yalitokea upande gani.

Wenye kujua kugawana wapo. Ile haris, ambayo sisi tunaiita bokoboko na tunaisonga Ramadhani na arusini, mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Walioiombea walikuwa Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia, kwa pamoja, karatasi moja. Na Hyderabad wana haleem yao, ndugu wa damu wa bokoboko, ina cheti tangu 2010. Nyama na ngano vimepigwa mwiko mpaka vimesahau vilikuwa nini. Hakuna aliyepigana.

Sasa tujigeukie wenyewe, na naomba radhi mapema. Sisi Waswahili ndio wa mwisho kumcheka Mwingereza. Kwetu nani aliuliza? Mgujarati, Mhindi. Mpunjabi, Mhindi. Mpakistani, Mhindi. Mtu wa Sri Lanka aliyekuja kufundisha hesabu, Mhindi. Mgoa tukamtoa kidogo kwa sababu ya kanisa, na Mbulushi kwa sababu alikuja na Waarabu. Waliobaki wote neno moja, na wao wenyewe wanajuana vizuri, hawaoani hovyo.

Na chakula chetu nacho kimepachikwa jina la wengine. Nendeni Wembley, nendeni Leicester, kwenye migahawa ya Wagujarati. Mtakuta menyu ina mogo, vipande vya kukaanga, chumvi na pilipili. Mogo ni muhogo! Walikuja nao waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walipopewa siku tisini. Yapata elfu 27 waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwao. Walikuja. Leo mji huohuo unajisifu kwa chakula chao.

Chini ya muhogo mtakuta kuku paka. Binti yangu alipoisoma mara ya kwanza aliweka menyu chini, akaniuliza kama huyo paka anakuja mzima. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni kuku wa kupaka, anachomwa anapakwa tui. Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mzee wa Kigujarati, mwenye mgahawa nadhani, akageuka akasema kwa Kiswahili cha Kampala, "Unasema kweli. Mama yangu alipaka na manyoya ya kuku." Tukabaki tunatazamana. Menyu juu yake imeandikwa chakula cha Kihindi. Tulikula kuku wa Mombasa, kwa mkono wa mtu wa Uganda, katika bango la India, Wembley, mvua inanyesha.

Vijana wangu mle nyuma, basi. Juu ya mlango andikeni mnachoweza kulipia kodi. Mwenye pesa asichekwe, na wala asiwaburute. Mimi ningeandika Tanga au Mombasa, mji, kwa sababu mji unajua chakula chake kuliko nchi. Lakini sitakuja kuwalipia umeme mwezi wa tatu. Sharti langu liko ndani, kwenye menyu. Biriani yenu ambayo rojo lake linakaa mbali na wali, isemeni hivyo, mteja aliyezoea ya Hyderabad asidhani mmekosea. Na kile mtakachokuwa mnakula nyinyi saa kumi jioni, ng'onda wa nazi, mchicha, sima, kiandikeni. Hata kama ni mstari mmoja wa mwisho. Mpishi wangu Sasa hakukiandika, na siku aliporudi kwao Sylhet kupumzika hakuna mteja hata mmoja wa miaka ishirini aliyewahi kuonja alichojua kupika.

Namaliza na langu. Jumamosi nauza chakula kwenye kibanda, baadhi yenu mnapita, wengine hamlipi. Ubaoni nimeandika kwa chaki, herufi kubwa: chapati ya Kiswahili. Mwezi uliopita alikuja mzee wa Kipunjabi, kilemba cheupe, akasoma ubao kwa sauti, akaagiza mbili. Alisimama palepale akaikunjua ile chapati tabaka moja moja, kama anahesabu noti. Akala. Akajifuta mafuta vidoleni.

"Mwanangu," akasema, "hii ni paratha."

Nikamwambia, "Baba, kwetu ndiyo chapati."

Akautazama tena ubao, akanitazama mimi. "Basi niongeze chapati mbili za Kiswahili," akasema, "na achari, kama unayo."

Nilikuwa nayo, ya embe.